Mlezi wa Kasiva

Munyiva alikufa Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi, akiwa amekaa kwenye benchi katika ofisi ya karani, amevaa leso yake ya kanisani na amepakata bahasha ya karatasi za mtoto. Aliyemuua ni karani mwenyewe, kwa kalamu ya biki, tena kwa nia njema.

Alikuwa amekwenda kumjazia bintiye Kasiva fomu ya ufadhili wa serikali kwa watoto wasiojiweza. Babake, Mutinda, aliangukiwa na jiwe machimboni akafa, sasa ni miaka minne. Tangu hapo Munyiva alikuwa akichuma kahawa kwenye mashamba ya watu huko Kangundo, na msimu ukiisha anauza maparachichi sokoni. Kasiva alikuwa ameupita mtihani kuliko wenzake wote kijijini, na shule ya bweni ilikuwa imemwita.

Karani alisoma fomu, akakuna kichwa. "Mama, wa mzazi mmoja wako wengi sana. Hii fomu italala hapa mpaka mtoto azeeke. Wenye wanachukuliwa kwanza ni yatima kabisa." Akapunguza sauti. "Sasa, uko na dada?"

Dada alikuwepo, Nzilani, anayefulia watu nguo Syokimau. Hivyo ndivyo Munyiva alivyoandikwa marehemu, na Nzilani akaandikwa mlezi. Karani mimi simlaumu sana. Ninaichukia ile fomu, iliyomtaka mama afe kwanza ndipo mwanawe asome.

Kasiva alikuwepo, ameinamisha kichwa. Walipotoka nje mama alimshika bega. "Ukiwa shule, mimi ni anti. Ukisahau mara moja tu, umerudi nyumbani tuchume kahawa pamoja."

"Sitasahau, mwaitu," mtoto akasema. Ndivyo Mkamba anavyomwita mamake.

Kumbe ufadhili ulikuwa na sharti lake. Mlezi lazima ahudhurie kila mkutano wa wazazi na kutia sahihi, na asipoonekana mara mbili mtoto anafutwa. Nzilani angeomba ruhusa kwa tajiri gani? Basi marehemu akawa anakwenda mwenyewe. Alijifunza kuandika jina la dadake bila mkono kusita. Alifika kabla ya walimu, akauliza habari za hesabu na za chakula, na mkutano ukichelewa kuanza aliingia jikoni kuwachambulia wapishi maharagwe. Siku moja mwalimu mkuu, Madam Peris, akamsimamisha mbele ya wote.

"Mnaona huyu? Si mzazi, na anawashinda nyinyi wazazi!"

Watu wakapiga makofi. Munyiva akacheka nao, na mpaka leo sijui alikitoa wapi kicheko hicho.

Likizo ya kwanza Kasiva alianza kuita "mwaitu" akiwa bado kwenye uchochoro wa kuingia nyumbani. Likizo iliyofuata alisema "an—" akajirekebisha, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Usiku ule Munyiva hakulala vizuri, ila aliona ni mambo madogo, mtoto anasoma.

Mwaka wa pili wakubwa wa ufadhili walikuja kutembelea shule, na Kasiva akachaguliwa kusema kwa niaba ya wenzake. Alisimama wima, sare imepigwa pasi, Kiswahili chake kimenyooka. Munyiva alijawa na fahari hata akasahau kuketi kianti. Kasiva alishukuru serikali, akashukuru walimu, akamshukuru anti yake. Kisha akaendelea.

"Naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke wazazi wangu, Mutinda na Munyiva. Mungu awalaze mahali pema."

Ukumbi mzima ukasimama. Munyiva naye akasimama, angefanyaje? Aliinamisha kichwa pamoja na wengine mpaka dakika ikaisha. "Amina," wakasema, na yeye akasema. Alipoinua macho alimwona Kasiva analia, machozi ya kweli ya mtu aliyefiwa.

Mama mmoja aliyekuwa kando yake alimgusa mkono. "Pole kwa dada yako."

"Asante," Munyiva akajibu. "Ni siku nyingi sasa."

Baadaye Kasiva alimsindikiza hadi langoni. Wageni walikuwa wameshaondoka, na askari wa lango alikuwa amekwenda kula. Munyiva akampangusa mashavu kwa ncha ya leso, akangoja. Alitaka neno moja tu, hata la kunong'onezwa.

"Safari njema, anti," Kasiva akasema. "Ukija tena uniletee sabuni ya kufulia."

Munyiva akageuka upesi kumtafuta anayewasikiliza. Hakukuwa na mtu.