Choo cha Wafadhili

Walituita Lodwar, sisi wenye magoti yaliyosagika, tuwaambie madaktari waanze na utafiti gani. Kabla ya lolote, mwezeshaji, bwana mmoja wa Nairobi, alituamuru tusimame tuchuchumae mara tatu, eti tuchangamke. Watu wa magoti! Sikuinuka. Nilimtazama tu, kama ninavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

Kisha akauliza tunataka kujua nini. Mama mmoja Mkongo, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma alfajiri, akanyoosha mkono.

"Miye niko na swali moja tu," akasema. "Choo yetu ni ya shimo. Nikichutama, siwezi kusimama tena. Munifundishe nitafanya namna gani."

Mwezeshaji akacheka. Hilo ni jambo la nyumbani, akasema, si la utafiti. Ubaoni akaandika kwa Kiingereza swali alilokuja nalo kutoka kwao, na madaktari wakaitikia kwa vichwa kama mijusi ukutani.

Wakati wa chai yule mama alitaka kujisaidia. Choo cha kukalia kilikuwepo, kimoja, kimetiwa kufuli. Mwezeshaji alisema ni cha wafadhili, na wafadhili wenyewe hata hawakuja. Basi mimi na mwanamke mwingine tukampeleka cha shimo.

Tulikuwa tumemshika makwapani, tunamwinua huku anatetemeka, mwezeshaji alipogonga mlango wa bati. Alituhimiza tufanye haraka: kipindi kiitwacho “Sauti ya Mgonjwa” kimeanza, na wanaowachelewesha wengine ni sisi.