Midomo Myeusi ya Koko

Baba yangu mkubwa ana masikio ya ajabu. Ukimwambia mambo manne, na matatu kati yake yakawa yanamtaka atoe kitu chake, atasikia lile moja tu lililobaki. Kipaji hiki kimemfaa sana kanisani, ambako yeye ni mzee wa kanisa. Mwaka jana nusura kimzike mama yake mzazi.

Mama yake huyo ndiye bibi yangu. Kwetu, upande wa magharibi wa Mlima Meru, bibi tunamwita koko. Mvua za masika zilipokwisha na ukungu ukaanza kushuka kutoka msituni, koko alikuwa tayari amedhoofika. Kikohozi kilimshika, kikamwachia, kikarudi tena kama mgeni aliyesahau fimbo yake. Miezi ya baridi huwa haiondoki kwetu bila kuchukua wazee, na majirani walikuwa wameanza kumsalimia koko kwa upole mno. Sikuupenda upole ule. Ulikuwa upole wa watu wanaojiuliza nani ataombwa jembe la kuchimbia.

Basi baba mkubwa akampeleka zahanati. Mimi nilikwenda ili kumshika koko mkono njiani, na pia kwa sababu huwa sisemi mbele za watu, jambo ambalo baba mkubwa hulihesabu kuwa malezi mema. Dresa, yaani msaidizi wa daktari pale, alikuwa kijana wa Kimeru kutoka Kikatiti, mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Alimsikiliza koko kifua, akampa dawa ya maji kwenye chupa, kisha akamgeukia baba mkubwa.

"Mzee, dawa hii itapoza kikohozi tu. Mwili wa mtu wa umri huu ni kama boma lililolegea uzio. Kila ugonjwa unaopita unaona mahali pa kuingilia. Inabidi uzio uzibwe."

"Uzibwe kwa nini?"

"Kwa chakula. Apate maziwa kila siku. Apate mayai. Alale penye joto, pasipo na moshi. Na matunda nayo ni mazuri kwa wazee."

"Matunda gani?"

"Yoyote. Mapapai, ndizi mbivu. Hata yale madogo meusi ya kwenye miba huko msituni kwenu. Wazungu huyapenda sana, wanasema yanaupa mwili nguvu ya kupigana na magonjwa."

"Ya msituni," akasema baba mkubwa, na uso wake ukang'aa.

"Lakini hayo peke yake hayatoshi, mzee. Yanaziba tundu moja tu."

"Ya msituni. Nimekuelewa vizuri sana, daktari."

Dresa alipandishwa cheo pale pale, bila mtihani.

Lazima nieleze kuwa maziwa ya baba mkubwa yalikuwa na safari yake. Kila alfajiri yalishuka mjini Arusha kwenye hoteli ya Wazungu, na mayai yaliyafuata nyuma. Penye joto, pasipo na moshi, palikuwa mahali pamoja tu katika boma lile, napo ni chumba cha nyumba ya bati alimolala yeye mwenyewe. Lakini matunda ya msituni aliyaotesha Mungu, na Mungu hakuwa na mkataba na hoteli.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, koko alisimama kupumua.

"Yule kijana amesema maziwa?"

"Amesema matunda, mama."

"Nilikuwa nimekaa pale pale."

"Ni kweli, mama. Lakini masikio nayo huzeeka."

Koko alimtazama kwa muda, kisha akaanza kutembea tena. Nilidhani amekubali. Sikuwa nimemjua vizuri wakati huo.

Ila palikuwa na tatizo. Kwetu, matunda yale huliwa na watoto wanaochunga mbuzi, na nyani, na ndege. Mtu mzima haonekani nayo. Na mwanamke mzee akionekana anayala, watu hawaulizi swali lolote. Wanajua kwamba nyumbani kwake hakuna anayemlisha, na wanaanza kumletea uji. Uji wa jirani ukiingia bomani kwako wakati wewe una ng'ombe, ni afadhali ng'ombe wote wafe, kwa sababu hapo angalau utapewa pole.

Baba mkubwa alilifikiria jambo hili kwa bidii ambayo hajawahi kuitumia kwenye kikohozi. Akaniagiza nichume alfajiri, kabla watoto wachunga mbuzi hawajaamka. Nifunike kibuyu kwa majani ya mgomba. Koko ale ndani ya nyumba yake ya nyasi, mlango umefungwa.

"Na umnawishe mdomo," akasema. "Rangi ile haitoki upesi. Umsugue."

Nikachuma. Mikono yangu iliraruka kwa miba mpaka nikawa kama niliyepigana na paka. Koko aliyala matunda yale gizani, huku moshi wa kuni ukimtoa machozi, na alicheka.

"Sijala haya tangu nikiwa msichana mwenye mbuzi," akasema. "Matamu vilevile. Kumbe tulipokuwa tunakatazwa tulikuwa tunakatazwa dawa ya Wazungu."

Alikula kila siku. Sitaki kuyasingizia matunda, maana yalijitahidi. Hamu ya kula ilimrudia kidogo. Lakini baada ya hamu hiyo hapakuwa na cha kula zaidi ya viazi na maharage yaliyolala, na ukungu ulikuwa unaingia kwenye zile nyasi za paa kama kwake. Kikohozi hakikupata habari kwamba adui amefika.

Kisha homa ikamshika. Hakuweza kuinuka. Nilikaa naye nikisikiliza kifua chake kikikwaruza kama mtu anayeburuta tawi kwenye changarawe, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Baba mkubwa alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia, kwa ajili ya moshi.

"Amekula matunda?"

"Amekula, baba."

"Basi mwongezee."

Hayo ndiyo matibabu yake yote. Nilitaka kumwambia kuhusu maziwa. Nikachukua kibuyu, nikaenda kuchuma.

Homa ilishuka yenyewe, labda kwa kuchoka. Jumapili iliyofuata koko aliniamsha mapema na kuniagiza matunda. "Yaliyoiva kabisa," akasema. "Yale yanayopasuka mkononi." Nikaleta. Aliyala polepole, akiyazungusha mdomoni. Kisha nikamletea maji na kitambaa.

"Acha," akasema.

"Koko, mdomo."

"Mdomo umefanya nini?" Akanionyesha meno. Yalikuwa meusi yote, na midomo, na kidevu mpaka chini. "Lete shuka langu la kanisani."

Tulitembea polepole, amejifunika shuka mpaka puani kama mtu anayejikinga na baridi. Kanisani alikwenda kukaa benchi la mbele kabisa upande wa wanawake, na hapo akashusha shuka. Siku hiyo zamu ya kupitisha kikapu cha sadaka ilikuwa ya baba mkubwa. Alikuja kwa mwendo wake wa kanisani, ule wa taratibu wenye heshima, mpaka akafika kwa mama yake. Koko alimtabasamia kwa upana wote aliojaliwa. Sijapata kuona sadaka ikipita kwenye mabenchi yaliyobaki kwa mbio kama ile.

Nje ya kanisa wanawake wazee walimzunguka.

"Mwenzangu, umekula nini?"

"Matunda."

"Matunda gani yenye rangi hiyo?"

"Si unayajua? Ya watoto wachunga mbuzi."

Mmoja akashika shavu. "Na nani amekupa?"

"Mwanangu. Ni mtoto mwema. Hajasahau hata siku moja."

"Na maziwa je?"

"Maziwa ni ya wageni wa hotelini. Maskini, wametoka mbali sana."

"Ng'ombe wote wale!"

"Msimseme mwanangu," akasema koko kwa huruma, na akakohoa kidogo, si sana.

Jua lilikuwa halijazama waliposimama langoni, wamebeba vibuyu vya uji, wamejipanga kwenye njia kama wanaokwenda arusini. Baba mkubwa alitoka mbio.

"Karibuni, mama zangu. Kuna nini?"

"Tumeleta uji."

"Uji? Hapa hakuna njaa!"

"Nani kasema njaa?" akauliza aliyetangulia. "Hatujasema njaa. Tumesema uji. Pisha tupite, mwanangu."

Akapisha. Mtu atafanya nini?

Kesho yake hoteli ilipata maziwa pungufu. Baba mkubwa mwenyewe alibeba kibuyu cha mama yake, akapita nacho njia kubwa ili azunguke boma zima, huku akiita kwa sauti, "Mama! Maziwa yako haya!" Yai alilishika juu kwenye vidole, lionekane. Kabla wiki haijaisha koko alikuwa analala katika chumba cha nyumba ya bati, na baba mkubwa alikuwa anaufahamu moshi kwa karibu. Wageni wa hotelini, nasikia, walikunywa chai ya rangi. Sijasikia aliyefariki.

Matunda niliendelea kuyachuma, maana koko aliyapenda. Kidogo kidogo kifua kilinyamaza. Ukungu ulipanda mlimani na kumwacha koko shambani, akipalilia maharage na kunigombeza kwa uvivu.

Baba mkubwa sasa ni mtaalamu. Humsimamisha njiani kila mwenye mzazi mzee na kumweleza juu ya matunda ya msituni, jinsi yanavyoujenga mwili wa mzee. Maziwa hayataji. Nilipomsimulia dresa, alicheka mpaka koti likamteleza begani. Nikamuuliza ni kipi hasa kilichomponya.

"Sijui," akasema. "Uzio ukishazibwa, nani anaweza kukuonyesha tundu ambalo fisi angepitia? Endelea kuchuma."

Mwaka huu ukungu umeshuka tena. Koko bado yuko nyumba ya bati, lakini nimeona kibuyu chake kinakuja kikiwa nusu, na yai limeanza kupotea njiani. Baba mkubwa anasema kuku wamechoka. Jana koko alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akamshukuru. Baba mkubwa alipotoka, koko akaniita karibu.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Chukua kile kibuyu kikubwa."

Nikamuuliza kama nimletee na maji ya kunawa.

"Ya nini?" akasema koko.