Mate Juu ya Jiwe la Mae

Enzi zetu, sisi tuliokulia huku Muleba, mtoto hakupimwa kwa saa. Alipimwa kwa mate. Mae, yaani mama, akikutuma alitema mate juu ya jiwe la mlangoni, akakutazama usoni, akasema, "Yakikauka kabla hujarudi, utajijua." Ulikimbia huku unaomba jua lijifiche. Pengine mama mwenyewe aliendelea na kazi zake na jiwe lile hakulitazama tena. Leo ukimtuma mjukuu dukani, anauliza kwanza kama simu itafika na chaji, na akichelewa ukampigia anajibu "nipo njiani" akiwa bado amekaa. Siwalaumu sana. Na sisi tungekuwa na simu tungejibu hivyo hivyo.

Nayaandika haya kwa kusitasita. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hesabu hazikuwahi kunipenda. Nikikosea mahali, anayejua anisahihishe.

Nakumbuka msimu mmoja wa kahawa. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani, harufu yake imechanganyika na moshi wa jikoni na ndizi na maharage yaliyokuwa yakichemka. Taata, baba yetu, alikuwa anakwenda Bukoba na lori la kahawa, akasema kuna nafasi ya mtoto mmoja. Tulioitaka ni wawili: mimi na dada yangu Kemilembe, aliyenizidi miaka miwili. Bukoba hatukuwahi kuiona. Tulisikia tu kwamba kule ziwani kuna meli kubwa kuliko kanisa letu. Dada alikuwa ameshafua gauni lake la kijani la Jumapili na kulikunja chini ya mto.

Taata hakutaka kupendelea. Akaamua twende kwa bibi, ng'ambo ya bonde, kila mmoja arudi na kahawa ya kutafuna iliyofungwa na bibi kwenye jani kavu la mgomba. Atakayerudi kwanza ndiye atakayepanda lori. Mae akatema mate jiweni kama kawaida yake, akatuonya, "Pitieni barabarani. Bondeni maji yamejaa." Taata akatazama saa yake ya mkononi.

Tuliondoka pamoja. Kwenye kona ya kwanza nilijifanya nimechomwa na mwiba. Dada akatangulia. Mimi nikateremka kupitia kibanja cha jirani, chini ya migomba, nikalikata bonde moja kwa moja katikati ya mafunjo, maji yakinifika mapajani. Sikukimbia hata kidogo, maana matope yale hayakimbiliki. Dada alizunguka na barabara inayofuata mgongo wa kilima. Naye alikuwa msichana, na enzi zetu msichana hakumpita mtu mzima bila kupiga magoti, kumwamkia na kungoja aitikiwe. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Watu wazima walijaa njia nzima.

Nilirudi baada ya nusu saa, mate hayajakauka. Mae aliitazama kaptula yangu iliyolowa, nikasema nimeteleza kisimani kwa bibi. Dada aliingia robo saa baadaye, anahema, magoti mekundu kwa vumbi. Taata alimwambia bila ukali, "Kemi, wewe ni mzito." Nikapanda lori. Meli niliiona. Haikuwa kubwa kuliko kanisa, lakini niliporudi nilimwambia dada kwamba ilikuwa.

Neno lile la taata halikukauka. Wageni wakija na chumvi imekwisha, ilisemwa, "Mtume Deo, Kemi ni mzito." Alipoolewa Buganguzi, neno lilimfuata hadi kwa mumewe, ikawa utani wa nyumba.

Sasa mwaka huu mjukuu wangu Koku, aliye kidato cha pili, alikuwa mezani anajisomea Fizikia kwa sauti. Nikamwomba anieleze. Akasema spidi ya wastani ni njia yote uliyoipita, kona zake zote, ukiigawa kwa muda wote, hata ule uliosimama. Velositi ya wastani haiulizi ulipita wapi. Inauliza tu ulianzia wapi, ukaishia wapi, ni umbali gani kwa mstari ulionyooka na ni kuelekea upande gani. Huo ndio unaougawa kwa muda. "Ukirudi pale pale ulipoanzia, babu, velositi yako ya wastani ni sifuri, hata ukimbie namna gani."

Kesho yake nilikodi bodaboda, nikasoma mita yake: barabarani ni kilomita tatu hadi palipokuwa kwa bibi. Bondeni nilihesabu hatua, ikaja kama kilomita moja. Muda ni wa saa ya taata kama ninavyoukumbuka. Koku akaandika.

"Wewe kilomita mbili kwa nusu saa, spidi yako nne kwa saa. Bibi Kemi kilomita sita kwa dakika arobaini na tano, yake nane. Mara mbili yako, na magoti yake yote yamo humo."

"Lakini kwa bibi nilifika kwanza."

"Ndiyo. Kufika kule, velositi yako ilikuwa kubwa kuliko yake. Kwenda na kurudi, nyote sifuri."

Nitende haki: taata hakudanganya. Alimwona aliyetangulia kurudi, akamtaja. Kosa ni kumwita mzito aliyekimbia mara mbili yangu, na aliyelijua kosa hilo ni mimi.

Jumapili nikaenda Buganguzi na karatasi ya Koku. Dada, ambaye sasa anatembea na fimbo, alikuwa anamenya ndizi. Nikamsomea yote.

"Hesabu zote hizo za nini, Deo? Nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje, dada?"

"Barabara ni moja. Kama ulinitangulia kwa bibi, tungekutana ukirudi. Mimi nilikutana na soko zima, wewe sikukuona."

"Mbona hukusema?"

"Ungechapwa kwa ajili ya yale maji." Akamenya ndizi nyingine hadi mwisho. "Na nilidhani utasema mwenyewe, kabla lori halijaondoka."

Nikamwambia nitampeleka Bukoba. Akasema Bukoba anaijua, amelazwa huko mara mbili. Akataka tuipite ile barabara ya kwa bibi.

Tuliipita wiki iliyofuata. Jiwe la mae lipo bado, wameliwekea ndoo. Enzi zile njia ilijaa watu waliokusimamisha wakuulize habari za nyumbani kwenu. Siku hizi bodaboda zinapita na kukuachia vumbi, na mabinti wanaamkia huku wanatembea, simu mkononi. Dada aliwaitikia wote, na kila mara alisimama ili aitikie vizuri. Nami nilisimama.

Tulipofika, Koku alipiga simu kuuliza tumetumia muda gani. Nikamwambia sikutazama saa. Nilichoweza kumwambia ni kwamba bibi yake alitangulia njia nzima, nami nilimfuata nyuma, hatua mbili tatu, hadi mwisho.