Mbwa Aliyeingia Kliniki

Wiki hii nilikuwa kliniki ya watoto huko Mkalama. Mlinzi alimzuia mlangoni mbwa wa mama mmoja kiziwi. Mama hakubishana. Alimlaza mwanawe kwenye benchi, akaenda dirishani kupeleka kadi.

Mtoto akaanza kulia. Kabla hatujainuka, mbwa alimpita mlinzi, akamgusa mama goti kwa pua. Mama akageuka, akarudi mbio kumbeba mtoto.

“Nyumbani, mtoto akilia, mbwa ndivyo anavyomwita mama yake,” jirani yake alituambia. “Kabla ya huyu mbwa, dada wa watu alikuwa hapati usingizi kwa kumchungulia mtoto.”

Mlinzi alimwashiria mama aketi na mbwa wake. “Ila asibweke,” alimwambia jirani.

Nilitabasamu. Katika foleni yote ile, mbwa ndiye pekee aliyekuwa hajapiga kelele.