Transfoma Kubwa ya Kanisa

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Ukiniuzia maharagwe nitamwaga kopo nione chini umeweka nini. Katika kazi yangu ya ufundi wa stima tabia hiyo imeniokoa mara nyingi, maana vitu feki vimejaa kila mahali. Lakini kuna siku iliniaibisha, na mpaka leo nikikumbuka naona uso unanichoma.

Kanisa letu hapa Kathonzweni lilitaka taa ndogo kwenye silingi, juu ya mimbari. Zile kubwa za zamani zilimfanya mchungaji ahubiri huku akijipangusa jasho. Kamati ikanipa kazi mimi, mwanamke, na wazee wawili wakanuna waziwazi. Taa zilikuwa sita, za volti kumi na mbili, wati nne kila moja. Taa kama hizo huwezi kuziunga moja kwa moja kwenye stima ya nyumba, zitaungua papo hapo. Lazima katikati uweke transfoma, kaboksi ka kuteremsha nguvu: upande mmoja unaingiza stima ya kawaida, upande wa pili unatoa hizo volti kumi na mbili.

Nikampigia simu mwalimu wangu. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha kazi, katika chuo cha ufundi kule Kitui, wakati vijana wa darasa letu walikuwa wakiniuliza kama nimepotea njia ya kwenda kwa washonaji. Hakucheka nao hata siku moja. Alipostaafu alifungua duka la vifaa vya stima katika mji mdogo wa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, na watu wengi wa kanisa letu walinunua kwake kwa sababu yangu.

"Taa ngapi, za wati ngapi?" akaniuliza.

"Mwalimu, wewe niwekee tu ile kubwa kabisa. Kanisa halitakosa kuongeza taa."

"Haya, mwana wakwa," akasema, vile Wakamba tunavyosema mwanangu. "Lakini usome kifuniko kabla hujafunga."

"Sawa, sawa," nikasema, na nikakata simu.

Mjue nimetoka wapi. Nimezaliwa Nuu, kwenye ukame. Kwetu mtu akinunua tangi la maji haulizi paa lake litaleta maji kiasi gani. Ananunua lile kubwa, lile linalomshinda, kwa sababu mvua ikija imekuja, na mwenye tangi dogo atasimama mlangoni akiangalia maji yakienda zake. Baba aliuza mbuzi kwa ajili ya tangi ambalo sijawahi kuliona limejaa, na hakuna jirani aliyemcheka. Mimi nilinunua transfoma hivyo hivyo.

Ijumaa nikaichukua Salama, ikiwa tayari kwenye mfuko. Jumamosi nikafunga. Niliiweka karibu na taa ili waya wa volti kumi na mbili usiwe mrefu, maana ukiwa mrefu taa za mwisho zinafifia. Nikaiachia nafasi ya hewa, nikakaza kila skrubu. Nikawasha mara moja, zikawaka, nikazima, nikaenda nyumbani nikijisifu.

Jumapili, katikati ya maombi, taa zikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kama jicho lililoingiwa na vumbi. Mama mmoja wa kundi la maombi akasimama, akanyoosha mkono kwenye silingi, akaanza kukemea pepo. Pepo halikutoka. Nyuma yangu nikasikia mmoja wa wale wazee akinong'ona, "Si tulisema?" Wuui! Niliona kanisa zima linaangalia kisogo changu.

Watu walipotoka nikapanda ngazi. Viungo vyote vilikuwa sawa. Nikajaribu taa moja moja kwenye betri ya sola ya mchungaji, zote zikawaka vizuri. Basi imebaki transfoma. Nikatafuta boksi lake, na hapo nikaona kitu: selotepu mbili, moja juu ya nyingine. Boksi lilifunguliwa kabla halijanifikia!

Akili ikaanza kukimbia. Ameniuzia iliyorudishwa na mteja. Au ametoa nzima akaweka mbovu. Na kwa nini alitaka kujua nina taa ngapi? Hata ule upole wake nikaanza kuushuku. Tangu lini mwenye duka akawa mpole bure?

Sikungoja. Nikaandika kwenye grupu ya kanisa kwenye simu: jihadharini na duka la vifaa vya stima kule Salama, yule mzee anauza vitu vilivyotumika kama vipya. Nikaeleza hadi rangi ya mlango, mtu asipotee.

Jumatatu asubuhi nikaingia dukani. Kulikuwa na wateja wanne. Nikaitupa transfoma juu ya kaunta.

"Mwalimu, umeniuzia takataka. Hili boksi lilifunguliwa!"

"Nililifungua mimi," akasema. "Singekupa kitu cha kufunga kanisani kabla sijakijaribu."

Akatoa taa mbili za zamani, zile za moto, za wati hamsini kila moja. Akaziunga kwenye transfoma yangu mbele ya watu wote. Zikawaka, zikatulia kabisa. Kisha akaigeuza, akaweka ukucha kwenye maandishi.

"Soma."

Nikasoma. Wati hamsini hadi mia moja hamsini.

"Zako zote sita zinakula ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Transfoma ya aina hii ina kipimo cha juu na cha chini. Ukiipa mzigo mdogo kuliko ule wa chini, haitulii. Inawaka, inazima."

Nilikuwa nimesoma namba ya mwisho tu. Haki, nililia pale pale, mtu mzima, mbele ya wateja. Nikamwambia na habari ya grupu.

"Nimeonyeshwa jana," akasema. "Mtu wa kwenu amefuta oda ya vifaa vya nyumba nzima."

Nikaandika hapo hapo dukani kwamba kosa ni langu. Jumapili iliyofuata nikasimama wakati wa matangazo nikarudia kwa mdomo, huku wale wazee wawili wakitabasamu kuliko nilivyowahi kuwaona. Oda ikarudi. Mwalimu alisema amenisamehe, na yeye ni mtu wa kanisa, hasemi jambo kama hilo kwa mchezo.

Lakini ile Jumatatu, aliponiletea transfoma ndogo, aliiweka mbele yangu boksi likiwa bado na selotepu ya kiwandani, pamoja na mita yake na nyaya za kupimia.

"Fungua mwenyewe. Pima."

"Mwalimu, hakuna haja. Nakuamini."

"Pima."

Nikapima. Na ndivyo ilivyo hadi leo. Wateja wengine wanapewa vitu vyao wanaenda. Mimi, hata nikinunua swichi moja, ananisogezea zile nyaya, anakunja mikono, na anangoja nimalize.