Ribiti Nne Mkiani

Lavern Tesch aliunda ndege yake gerejini kwa muda mrefu mpaka watu wa mji wetu wakaacha kumuuliza itaruka lini, wakaanza kumuuliza gari lake litalala wapi theluji ikianza. Gari lililala nje. Kila asubuhi ya Januari mkewe, Ardis, alikwangua barafu kwenye kioo huku akipaza sauti kuelekea gereji, "Baba! Mtoto wako amelala vizuri? Hakusikia baridi?"

Usidanganyike na kejeli hizo. Nusu ya ndege ile ni ya Ardis. Ribiti, ile misumari mifupi inayounganisha mabati, haipigwi na mtu mmoja. Mmoja anasimama nje na nyundo ya upepo, mwingine anajipenyeza ndani ya bati akiwa ameshikilia kipande kizito cha chuma nyuma ya ribiti, ili ikipigwa ibonyee na kung'ang'ania. Lavern amekamua ng'ombe maisha yake yote, mabega yake yasingeingia mkiani hata ungeyapaka siagi. Aliyeingia ni Ardis. Na kwa kuwa nyundo ile hupiga kelele mpaka mbwa wa jirani anahama, waliongea kwa kugonga bati, kama wafanyavyo wote wanaojiundia ndege. Akigonga mara moja, piga tena. Mara mbili, imekaa, twende nyingine. Mara tatu, mbovu hiyo, itoe. Ndege ina ribiti maelfu. Nina hakika miaka ile waligongeana zaidi ya walivyozungumza, na sikuwahi kuona ndoa yenye afya kama ile.

Majira ya kuchipua, ndege ilipohamia uwanja wa ndege, Ardis alianza kulalamika kanisani kwamba kitabu cha nyimbo kimepigwa chapa vibaya, kina shimo katikati ya kila ukurasa. Kitabu kilikuwa kizima. Daktari wa macho alisema ugonjwa unakula katikati ya jicho, sindano zitauchelewesha tu, na huenda theluji ya kwanza ikamkuta hamtambui mtu usoni.

Sasa tazama sheria. Ndege ya kujiundia lazima rubani airushe peke yake saa arobaini kwanza. Abiria hakuna, hata kama abiria mwenyewe ndiye aliyejikunja mkiani miaka yote hiyo. Na Wisconsin si mahali pa kupata saa arobaini haraka. Leo mvua, kesho upepo wa ubavuni, keshokutwa injini inachemka kama sufuria ya maharage.

"Kwa mwendo huu," alisema Roland Pribyl Jumamosi moja, donati mdomoni, "mtapanda pamoja theluji ikiwa magotini." Roland alikuwa fundi wa mabasi ya shule, na banda lake la ndege pale uwanjani ndipo tunapokunywa kahawa.

"Si umpakie tu jioni moja," nikasema. "Nani atajua?"

Lavern aliniangalia kama nimetema mate kwenye kahawa yake. "Hii ndege ikitaka kuniua, iniue mimi. Si yeye."

Ndipo likaja wazo la kamera. Kamera ndogo, zile wanazojifunga kichwani wateleza theluji kabla ya kuvunjika miguu. Lavern alisema ataifunga juu kabisa ya pezi la mkia, lile linalosimama wima, iangalie mbele, imwone yeye, mabawa yote mawili, na nchi nzima chini. Ardis alitaka kuiona ndege yao ikiwa hewani kabla giza halijafika. Kama hawezi kupanda, basi atapandishwa na kamera.

Banda zima likawa na digrii ya kamera. Roland akasema mkiani ni mahali pabaya kuliko pote, uzito kidogo huko nyuma unainua pua ya ndege. Lavern akapima ndege upya kwenye mizani, akahesabu, uzito ukakubalika. Nikasema ikichomoka itaangukia usukani wa nyuma, ule unaogeuza ndege, afadhali aifunge na kamba. Akaongeza kamba fupi ya chuma.

"Na wewe uliyeishia nusu ya chuo cha ufundi wa ndege," Roland akaniambia, "hiyo ndiyo nusu mliyofundishwa kamba?"

"Nusu ya pili ilikuwa ya donati, mzee. Nikaona umeshaichukua."

Mara ya kwanza aliibandika kwa gundi. Kamera ya mkiani huifikii ukiwa umeketi, kwa hiyo unaiwasha chini, unapanda, unafunga mikanda, unapasha injini moto. Hadi anaruka, betri ilikuwa imekufa. Ardis akatazama dakika kumi na tano za mgongo wa mumewe akikagua matairi. "Shati hilo nilikwambia ulitupe," akasema.

Mara ya pili, na betri kubwa zaidi, ilirekodi, lakini mtikisiko wa pangaboi ulifanya mabawa kwenye picha yacheze kama uji uliomwagwa mezani. Ardis alisogeza kichwa huku na huku, maana sasa aliona kwa pembeni tu, kama kuku anayekagua punje. Alijitahidi, kisha akafunga macho. "Natapika, baba. Zima."

Wiki ile Lavern hakuja kunywa kahawa, na nyuma ya mlango uliofungwa wa banda lake tulisikia keekee ikitoboa bati. Jumapili ndege ikatoka na kiti kidogo cha alumini cha kushikia kamera juu ya pezi, kimekazwa kwelikweli, kamera imekaa kama mfalme.

Siku hiyo anga ilikuwa safi. Alizunguka ziwa, kanisa, shamba lao la zamani, akarudi ametabasamu mpaka masikioni. Jioni nilikwenda kwao kwa sababu Lavern hawezi kuunganisha runinga na kitu chochote isipokuwa ukuta.

Picha ilitulia. Mbele ya mkia mgongo wa ndege uling'aa, mabawa yamenyooka, mahindi chini mistari mistari. Ardis alivuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Lile pale shamba letu, mama. Unaona ghala?"

"Shh."

"Hapo kulia, jekundu."

"Lavern, nyamaza. Rudisha nyuma. Ongeza sauti."

Nikaongeza. Upepo, injini, na chini ya vyote kitu kidogo mno: ti-ti-ti-ti, kinakuja na kupotea. Mimi na Lavern tulidhani ni kamera. Ardis alikuwa amefunga macho kabisa, ameinamisha kichwa, na vidole vyake vimekunjwa kama vimeshika kitu.

"Kile kiti umekifunga na nini?"

"Na ribiti."

"Zipi?"

Lavern akajikuna shingo. "Nilitoa nne zako za juu. Nikapitisha za kuvuta."

Ribiti za kuvuta ni zile anazopiga mtu mmoja, kwa upande wa nje tu. Hazihitaji mtu ndani, ila hazing'ang'anii kama zile za nyundo.

"Nani alishika chuma?"

"Hazishikiwi, mama. Na wewe... nilitaka iwe jambo la kushtukiza. Na macho yako..."

"Chuma kile sikukishika kwa macho." Akasimama. "Nipeleke uwanjani."

"Sasa hivi? Hata hujaona ziwa."

"Lavern."

Tulikwenda wote. Ndani ya banda alipita moja kwa moja mpaka mkiani, mkono mmoja ukifuata bati. Nikaleta ngazi. Akapanda, Lavern akimshika kiuno, akapapasa kiti cha kamera, kisha chini yake, polepole. Alisimamisha kidole mahali, akakisukuma kiti. Kikacheza. Kidogo tu, kama jino la mtoto. Nilimulika tochi, nikaona bati lenyewe limechanika kutoka tundu moja kwenda la pili, ufa mwembamba kama unywele. Safari moja zaidi na kiti kingeondoka na kipande cha pezi, na ile kamba yangu ya busara ingevipigisha vyote kwenye usukani wa nyuma.

Ardis aligonga pezi mara tatu.

Lavern alikaa chini sakafuni pale pale. Mzee mzima. "Ulikuwa na siku chache tu za kuona," akasema. "Nilitaka uone."

"Nilikuwa na mume mmoja tu," akajibu kutoka juu ya ngazi. "Nishushe."

Pezi ikabidi ling'olewe, bati jipya liagizwe, na mpaka linafika kiangazi kilikuwa kimekwisha. Septemba Ardis alishika chuma tena, na sasa hakuona hata nyundo iko wapi. Ribiti mbili alizikataa, mara tatu, mara tatu, na Lavern akazitoa bila kubisha. Juu ya mkia hakikurudishwa kitu. Roland alifanya heshima kubwa: hakutania siku nzima.

Saa arobaini zilitimia Novemba, theluji ikiwa tayari mashambani. Ardis alipanda akiwa amevaa makoti mawili. Kamera ilikuwa ndani, imefungwa nyuma ya viti, na ndiyo sababu tunajua yaliyosemwa, maana waliporudi tuliitazama bandani wote.

Dakika nyingi unaona tu kofia mbili.

"Niambie kuna nini," anasema Ardis.

Lavern anakohoa. Maisha yake yote ameongea na ng'ombe. "Theluji."

Mkono wa Ardis unatoka kwenye koti, unagonga ubavu wa ndege. Mara moja.

"Theluji... na ziwa, halijaganda katikati. Jeusi."

Mara moja tena.

"Ghala letu. Wamelipaka rangi ya kijani, washenzi."

Ardis anacheka, bega linatikisika. Anagonga tena mara moja, na Lavern anaanza kumtajia mashamba, moja moja, kwa majina ya wenye nayo. Betri iliisha kwenye shamba la akina Zastrow. Mpaka hapo sikusikia akigonga mara mbili, kwamba imekaa.