Kushuka Baiskeli Mbele ya Mama Yake

Fundi wangu wa Mtendeni alinihakikishia kwamba baiskeli aliyonitengenezea haihitaji breki. Mtu anayenihakikishia jambo kabla sijamuuliza namtilia shaka, kwa hiyo nilisimama pale kibandani nikamtazama mikono badala ya uso.

Ilikuwa baiskeli ya mtumba. Gia yake ya nyuma ilikuwa inateleza. Unakanyaga, pedali zinazunguka bure, gurudumu limetulia. Spea hakuwa nayo, akaichomelea ikawa kitu kimoja na gurudumu. Tangu hapo gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Hakuna kupumzisha miguu hata kwenye mteremko. Ukitaka kupunguza mwendo unazizuia pedali kwa nguvu ya mapaja.

"Miguu yako ndiyo breki, dada," alisema.

"Na mguu ukichomoka?"

"Hauchomoki. Tunaufunga." Akakata mpira wa tyubu, akatengeneza kitanzi kwenye kila pedali.

"Na cheni ikikatika?"

"Cheni ya kwangu haikatiki."

"Zile vipande vipande zilizoning'inia nyuma yako ni za nani?"

Wanaume wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Akanifungia breki ya mbele, akinung'unika kwamba mtu kama mimi hata maji ya mtungi lazima ayanuse kwanza.

Jioni hiyo nilichora mstari kwa kijiti kwenye barabara ya vumbi nyuma ya kwetu, nikajipima. Bila vitanzi, nilipozizuia pedali mguu wa kulia uliruka, pedali ikanirudia kwenye ugoko. Kwa vitanzi miguu ilibaki mahali pake na mwendo ukapungua, ila nilipitiliza mstari mbali sana. Kwa breki ya mbele, nikiongezea miguu, nilisimama karibu na mstari. Basi vitanzi vinasaidia, lakini si breki, na fundi alikuwa anauza maneno kwa kukosa spea. Nilifurahi mno kumkamata, kiasi kwamba jambo jingine nililidharau: ili mguu utoke kwenye kitanzi ni lazima uvute kisigino nyuma, na uvute mapema. Kila mara nilikuwa nimejiegemeza kwenye ukuta wa jirani ndipo nautoa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri ajira, najitolea kufundisha katika shule moja mbele ya Itetemia. Nyumba ya kina mchumba wangu ilikuwa njiani, na shamba lao la karanga liligusana na barabara. Mwezi huohuo wazee wao walikuwa wanaamua kama watamtuma mshenga kwetu. Nilijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba neno la mwisho lingekuwa la mama yake.

Kila asubuhi nilimkuta shambani. "Shikamoo mama!" nilipaza sauti, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshapita.

Wiki ya tatu mchumba wangu alikuja nyumbani, akakaa bila kuvua kofia.

"Mama anauliza amekukosea nini."

"Mimi? Mbona namwamkia kila siku?"

"Anasema unamrushia shikamoo kama mtu anayewarushia kuku mtama. Ukikutana na mzazi njiani unashuka kwenye baiskeli. Hukulelewa hapa?"

"Baiskeli hii huwezi kushuka hivihivi."

"Huwezi, au hutaki? Wazee wanakaa Jumapili."

Aliondoka akiniacha na hasira, na hasira yangu huwa inazaa maswali. Nani aliamua kwamba heshima inapimwa kwa urefu wa tandiko? Mji wetu una mambo mengi ya namna hiyo. Hata miembe ya barabarani tunaambiwa ilipandwa na misafara ya biashara ya zamani, yote, na hakuna anayeuliza aliyeiona ikipandwa. Tena mama huyu alishawahi kuniuliza kama wasichana wa chuo kikuu wanajua kushika jembe. Nilishuku kwamba habari ya baiskeli ni kisingizio tu. Kisingizio dawa yake ni kukiondoa, nikaamua kesho yake nitashuka.

Nilimkuta aking'oa karanga ukingoni mwa barabara. Nikazizuia pedali kwa mapaja, mwendo ukapungua vizuri. Nikabana breki. Baiskeli ikasimama mbele yake kabisa, mahali nilipokusudia.

Miguu yote miwili ilikuwa bado kwenye vitanzi.

Tulitazamana. Nilivuta kisigino, kitanzi kikavuta pia. Kisha nikaanza kulala upande wa kushoto, polepole, kama gunia lililoegemezwa vibaya, nikaangukia karanga zake na baiskeli juu yangu.

"Shikamoo mama," nikasema nikiwa chini.

Alinisogelea akanusa.

"Umekunywa?"

"Hapana, mama."

"Una kifafa?"

"Hapana."

Ndipo akaiona miguu. "Mayu!" alimaka kwa kilugha. "Nani amekufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe."

"Mwenyewe," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Alinifungua, akaipindua baiskeli magurudumu juu, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Pedali zikazunguka. Akazungusha kinyume, zikazunguka kinyume. Akashika pedali, gurudumu likagoma. Nilitaka kumweleza lakini alininyamazisha kwa kiganja. Alitaka kujionea.

"Na cheni hii ikikatika?"

Niliona aibu kidogo, kwa sababu tangu ninunue baiskeli ile hakuna mwingine zaidi yangu aliyeuliza hivyo.

"Ndiyo maana kuna breki ya mbele."

Akaibana mara mbili. "Fundi aliiweka bila kuambiwa?"

"Hakutaka."

"Hawatakagi," alisema. Akaigeuza baiskeli. "Rudi pale kwenye kichuguu, uje tena. Nataka nione kama ulikuwa huwezi au ulikuwa hutaki."

Yalikuwa maneno yaleyale ya mwanawe. Sijui hadi leo nani aliyaokota kwa mwenzake.

Nilirudi kwenye kichuguu. Safari hii nilianza kuvuta kisigino cha kushoto nikiwa bado mbali. Mguu ukatoka, pedali ikabaki inazunguka peke yake, kitanzi kikikwaruza mchanga. Nikaendelea kuzuia kwa mguu wa kulia, nikabana breki kidogokidogo, nikatua mguu wa kushoto chini, nikautoa na wa kulia. Nikashuka. Nikapiga goti nusu, mkono mmoja ukishika usukani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinitazama ugoko uliochubuka nilipoanguka, ukitoka damu. "Waambie nyumbani wiki ijayo wasiende mbali. Kuna mtu atakuja."

"Lakini wazee wanakaa Jumapili."

"Watakaa. Mimi nilishasema langu."

"Ulisema lini, mama? Kabla sijaanguka, au sasa hivi?"

"Hilo nalo unauliza?"

Akanisukumia ndoo kwa mguu. Karanga nilizoziangukia zilikuwa zimeng'oka nusu, akasema nizimalizie mwenyewe, na nisiache hata moja ardhini. Aliendelea na tuta lake, akigeuka mara kwa mara kuangalia ninavyong'oa. Kipindi cha kwanza shuleni kilinipita.